Mbuzi Ambaye Hajapotea

Jumatatu, 8 Septemba

Mwanangu Gakii amekula masomo yanayohitajika. Sasa hivi! Nimegeuka tu kukoroga uji, nikirudi naona anatafuna macho yamefumba, kama mzee aliyepewa nyama laini. Nimeingiza kidole. Kimetoka kipande chenye neno moja, "angalau". Mengine yameshuka.

Ilikuwa karatasi ya Redio Upepo. Wanatafuta mwanagenzi mmoja wa utangazaji. Mmoja! Nimeibandua asubuhi kwenye nguzo karibu na kinyozi ili mtu mwingine hapa mtaani Chechelesi asiione. Iliyoliwa ni sehemu ya chini, ya vyeti. Ya juu imebaki. Sauti nzuri, ninayo. Lugha zaidi ya moja, ninazo tatu na nusu: Kimeru, Kiswahili, Kiingereza cha kidato cha pili, na Kiborana cha kununua maziwa. Bidii? Nimebandua karatasi ya gundi kwa kucha.

Kwa hivyo kila kilichobaki kwenye karatasi ninacho. Hiyo ni ishara.

Gakii halali mpaka asomewe habari. Si wimbo, si hadithi. Habari, kwa ile sauti ya redio. Hata nikimsomea pakiti ya unga, mradi sauti iwe ile. Nikifika hali ya anga, ameshalala. Mtoto hata miaka miwili hajafika na tayari anatambua kipaji! Nataka siku moja sauti yangu itoke kwenye redio yenyewe, aitazame, anitambue.

Gichunge, baba yake, anauza miraa kule steji. Amesema redio wanataka watu wa karatasi. Nikamwambia karatasi imeliwa. Akasema haya, Mama Gakii. "Haya" ya Gichunge ni kama mlango wa zizi, hujui kama unaingizwa au unatolewa.

Jumanne, 9 Septemba

Redio Upepo. Nimevaa sketi ya harusi ya dada yangu, Gakii mgongoni. Nani nakuta kwenye benchi? Wanja wa saluni! Kumbe tangazo lilikuwa hata kwenye simu za watu. Kucha zangu za bure.

Wanja ana diploma ya utangazaji ya Nairobi. Amekuja nayo kwenye fremu, na kioo, ameipakata kama picha ya marehemu. Anaongea kwa pua tangu arudi. Ameniuliza kama nimeleta mtoto kliniki.

Meneja anaitwa Molu. Mtu mpole, kanzu safi. Nimemsalimia salaam aleikum kwa sauti ya habari ya saa moja jioni. Akashtuka, akaitikia. Ametueleza kwamba redio si mdomo tu. Kuna anayeandika habari, anayezihariri, fundi wa mitambo, mpiga picha, anayetafuta matangazo ya biashara, anayeweka mambo kwenye mtandao, na kila mmoja ana masomo yake. Akasema pia habari isiyo na mahali si habari. Hiyo nimeishika.

Nikauliza ni kazi gani hapo isiyotaka cheti. Amefikiri sana. Akasema labda askari wa getini. Halafu askari mwenyewe akasema dirishani kwamba yeye ana cheti.

Molu ameuliza vyangu viko wapi. Nikasema mtoto amevila. Ni karibu ukweli! Akamtazama Gakii. Gakii akacheua. Wanja amecheka mpaka fremu ikateleza.

Amenishauri kwa upole. Nirudi masomo ya jioni ya watu wazima, nifanye mtihani wa kidato cha nne, halafu chuo. Mahojiano ni Ijumaa, ya wenye vyeti.

Nilikuwa naondoka nikimeza machozi. Hapo ndipo akaingia mzee mmoja na vumbi lake lote, fimbo begani. Hakuulizwa cheti. Hakuulizwa hata jina! Akapelekwa moja kwa moja studio, akakaa mbele ya kipaza sauti, akaongea mpaka akachoka. Amepoteza mbuzi wawili.

Nimemuuliza askari. Akaniambia ndivyo ilivyo hapa, mwenye mnyama hutangaza mwenyewe, kwa sababu mtangazaji hajui masikio ya mbuzi wa mtu. Wa mbali hupiga simu. Na wanasikika mpaka Biliqo, kule mbali nyikani.

Mpaka Biliqo! Bila cheti!

Jumatano, 10 Septemba

Tatizo moja tu. Sina mbuzi wa kupoteza.

Tuna kuku, lakini kuku hatangazwi. Nimefikiria ng'ombe, nikaona ni kujisifu.

Halafu Mheshimiwa akapitisha kichwa kwenye ua wetu akaanza kula soksi ya Gichunge. Huyu ni mbuzi wa Mama Aule, jirani yetu, mama Mturkana ambaye Gakii humwita Shosho kama bibi yake, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Wapangaji wote wa plot tunamwita mbuzi huyo Mheshimiwa kwa sababu anakula kwa kila mtu na hajawahi kuleta kitu. Mama Aule anajua jina hilo. Anakubali hata yeye.

Mchana wote nimekaa dirishani nikimsoma. Mweupe. Pembe moja imepinda. Nimejizoeza kumkosa. Nimemkosa mpaka machozi yakanitoka kweli, Gakii akanifuta kwa soksi iliyobaki.

Mpango hauna shimo. Nitamtangaza Mheshimiwa. Kila nitakalosema litakuwa kweli, ila kupotea. Na nani atamleta? Mbuzi ambaye hajapotea hawezi kupatikana! Molu atasikia sauti yangu hewani, atasahau vyeti. Ijumaa nitaitwa ndani mbele ya Wanja, fremu na pua yake.

Nimemwambia Gakii peke yake. Amesema "mee". Amekubali.

Alhamisi, 11 Septemba

NIMESIKIKA BILIQO!

Nimeingia studio kama mwenye mbuzi. Nimeanza vizuri: mbuzi mweupe, jike, pembe imepinda, ameonekana mara ya mwisho Chechelesi nyuma ya fundi viatu. Mahali! Ningenyamaza hapo. Lakini kipaza sauti kile ni kitamu, aki. Nikamsalimia Gichunge na steji nzima. Nikaeleza hali ya barabara ya Garbatulla, ambayo sijaiona. Nikasema atakayemleta atapewa zawadi nono.

Sijui "nono" ilitoka wapi. Ilikuja yenyewe. Sauti ile huja na maneno yake.

Halafu Gakii akaanza kulia mgongoni. Ningefanya nini? Nikamsomea hali ya anga. Upepo wa wastani, vumbi, hakuna dalili ya mvua. Akalala hewani! Molu alikuwa nyuma ya kioo, mdomo wazi. Nimeliandika hilo upande wa sifa.

Jioni Gichunge amerudi mnyonge. Watu wa steji wamempa pole siku nzima. Ameniuliza tuna mbuzi tangu lini. Nikasema si amepotea. Akatazama ugali wake. Akasema pole, Mama Gakii, kama ningejua ningemjengea banda.

Nampenda huyu mtu. Anamsikitikia mbuzi ambaye hajawahi kuwa naye.

Ijumaa, 12 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi nimeamshwa na Mama Aule. Si mimi tu, mtaa wote. Mheshimiwa hayupo! Kamba imebaki, mbuzi hakuna. Vijana wawili wa boda wamemkuta nyuma ya fundi viatu, mweupe, pembe imepinda, wakampakia katikati yao wakampeleka redio kwa zawadi nono.

Nimekimbia na leso moja, Gakii mgongoni. Wueh! Uani mwa Redio Upepo kulikuwa na mbuzi kama siku ya mnada. Wote weupe. Hapa Isiolo mbuzi mweupe ni kama mtu mwenye viatu, kila upande unamwona, na mimi sikulifikiria hilo. Mmoja alikuwa kondoo. Aliyemleta alisema labda sikumwangalia vizuri.

Mahojiano ya wenye vyeti yalikuwa yanaendelea, kama hayo ni kuendelea. Wanja alikuwa anasoma habari kwa pua, na kila akipumua mbuzi walimwitikia. Alitoka nje na fremu yake akiitumia kufukuza. Mheshimiwa akalamba kioo. Diploma ikapona.

Halafu Mama Aule akafika.

Amesema ametangaziwa mbuzi wake na mwizi, tena mwizi mwenyewe akamtangaza, tena na zawadi. Ameniita wewe msichana. Amesema amemlea Gakii mikononi mwake kumbe anamlelea mwizi. Vijana wa boda wakauliza nono iko wapi.

Molu alitaka mambo yaishe kabla ya swala. Akasema desturi ni moja, mwenye mnyama huongea mwenyewe. Wote wawili studio. Hewani!

Mama Aule akatangulia. Amesema Mheshimiwa alizaliwa usiku ule upepo ulipong'oa paa la kanisa. Kwamba chuchu ya kushoto ni mvivu. Kwamba akisikia adhana hukohoa. Na hapo hapo msikitini wakaanza kuadhini, na uani, mbele ya watu wote, mbuzi akakohoa.

Zamu yangu. Nikasema ni mweupe.

Molu akauliza pembe iliyopinda ni ya upande gani. Nikajaribu kumkumbuka kutoka dirishani. Nikasema inategemea umesimama wapi. Bado nilikuwa na matumaini, kusema kweli, maana sauti yangu ilikuwa nzuri sana. Lakini Gakii akatoa kichwa kwenye leso, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema maneno marefu zaidi aliyowahi kusema maishani mwake:

"Mee ya Shosho Aule!"

Mpaka Biliqo wamesikia.

Jumamosi, 13 Septemba

Ninaitwa Mama Mbuzi. Hata fundi viatu, ambaye nimemtangaza bure.

Gichunge amewapa vijana wa boda kifungu cha miraa, ile nzuri, ndiyo ikawa nono. Hakunigombeza. Ameuliza tu kama basi banda asijenge.

Mchana Mama Aule amekuja na kikombe cha maziwa ya Mheshimiwa. Nikainuka na machozi, nikitaka kumwomba msamaha tena. Akasema si yako. Ya Gakii, kwa kusema kweli. Amekaa kitini mpaka Gakii akamaliza, akinitazama mkono usije ukagusa kikombe.

Halafu simu. Molu!

Nafasi amepewa Wanja. Sawa. Amesoma, nimekubali, hata pua nimeizoea. Lakini Molu amesema akina mama wamepiga simu tangu Alhamisi wakimtaka yule wa hali ya anga. Watoto walilala! Mmoja wa Merti amesema hata mzee wake alilala. Kwa hivyo kila Jumamosi jioni nitakuja niwasomee watoto, dakika chache. Bila mshahara, bila cheo. Masharti mawili. Moja, niandikishwe masomo ya jioni na nifike mpaka mtihani. Pili, nisimletee tena mambo ya mbuzi maisha yake yote.

Nimesema ndiyo mara nyingi sana. Nimekaa chini jikoni nikalia. Gakii akanifuta kwa soksi. Sijui anazitoa wapi.

Gichunge alikuwa ameshauliza masomo ya jioni. Tangu Ijumaa. Yanaanza Jumatatu, nitaanza kidato cha tatu, yeye atabaki na mtoto. Amenunua hata kalamu. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema haya.

Jumanne, 16 Septemba

Darasa jana jioni. Tuko wachache, wote wakubwa kuliko madawati. Mwalimu amesema nina sauti, nipunguze.

Nimerudi Gakii yuko macho. Gichunge amemsomea pakiti ya unga akashindwa, hana sauti ile. Wamenisubiri wote wawili. Niliposema upepo wa wastani, wakalala pamoja.

Hapo ndipo nikafikiri. Jumamosi ni mbali. Mtoto atasahau. Wasikilizaji nao husahau, wanahitaji kushikwa kidogo katikati ya wiki. Na nimejifunza, ndiyo, nimejifunza sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua mnyama anayebebeka.

Kwa hivyo leo alfajiri nimepiga simu redio, kipindi cha waliopotelewa. Wa mbali hupiga simu. Nimebadilisha sauti, nikaweka pua kidogo. Wanja ndiye aliyepokea, siku yake ya pili kazini, hakunitambua! Amenisifu matamshi. Nimetangaza ngamia. Molu alikataza mbuzi, ngamia hakumtaja. Nani atampakia ngamia kwenye boda? Zawadi sikusema kabisa. Mahali nimesema, kwa sababu habari isiyo na mahali si habari: Chechelesi, nyuma ya fundi viatu, geti letu la buluu. Nimesema rangi yake ni rangi ya ngamia. Halafu nikaweka hali ya anga kidogo mwishoni. Gakii alisikia kwenye redio, akaitazama, akanitazama mimi na simu, akacheka mpaka akaanguka. Anitambue, nilisema, na amenitambua!

Safari hii mpango hauna shimo hata moja. Nikimaliza kidato cha nne, nitamwambia Molu mwenyewe kwamba

Gichunge ananiita kutoka getini. Anasema nitoke haraka, Mama Gakii, kuna mzee anaitwa Kahin ametembea tangu alfajiri, na amekuja na kitu kirefu ambacho kimeshapitisha shingo juu ya ua na kinamlia Mama Aule kile kitambaa chake cha kichw