Jumapili ya Kuhesabiwa Vichwa

Jumatatu, 3 Juni
Barua ya askofu imefika. Atakuja Jumapili kutuhesabu. Tukipungua sitini, kanisa linafungwa na sisi tunapelekwa kwa wale wa barabara kuu, wenye spika kubwa na choo cha vigae. Jana tulikuwa kumi na mmoja, mchungaji akiwemo. Mimi ni katibu hapa mwaka wa ishirini na mbili. Nilifunga ndoa mbele ya madhabahu ile. Nimeogopa.

Jumanne, 4 Juni
Nimependekeza mkutano wa uamsho sokoni, mimi na kipaza sauti. Mwalimu wa kwaya akasema sauti yangu ndiyo iliyowakimbiza waliotangulia. Kwaya yenyewe ina watu watatu, mmoja haimbi, lakini mwalimu mdomo anao! Nimekwenda peke yangu. Muuza nyanya ameniomba nisogee, nawazibia wateja njia.

Jumatano, 5 Juni
Fundi cherehani, mzee wetu wa kanisa, amefariki alfajiri. Nimelia, kweli nimelia. Kisha nikatazama uani kwake. Watu wamejaa hadi barabarani! Nikaanza kuhesabu. Nilipofika mia na arobaini nikafuta machozi.

Alhamisi, 6 Juni
Mjane alitaka wazike kesho. Nikamwambia, shemeji, tungoje Jumapili, askofu mwenyewe atamwombea. Akasema hawezi kumwacha mumewe mochwari siku zote hizo, alikuwa mtu wa kusikia baridi. Nikamshika mkono, nikamhakikishia ni heshima kubwa. Akakubali, shingo upande. Mke wangu amezipata habari. Chakula cha usiku nimejipakulia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeazima mabenchi shuleni, nimeyabeba mwenyewe. Mgongo umekufa. Mwalimu wa kwaya anasema afadhali kufungwa kuliko kujaza kanisa kwa maiti. Wivu tu.

Jumapili, 9 Juni
Kanisa pomoni! Wengine wamesimama madirishani. Askofu akanitikisia kichwa kwa kuridhika, roho yangu kwatu.

Halafu matangazo. Nimeyasoma miaka yote hii, mdomo unajiendea wenyewe. Nikasema kama kawaida: wageni wetu wasimame tuwatambue.

Wakasimama. Kanisa zima. Walioketi askofu aliwahesabu kwa kidole: wanane.

Akawauliza waliosimama, kama walimpenda marehemu hivyo, mbona hawasali hapa. Mama mmoja akajibu kwamba alipougua, fundi alipita kwake kila wiki, na wengi waliomo ni hivyo hivyo. Yeye mwenyewe, akasema, aliwahi kuja hapa mara moja. Akasimamishwa, akaandikwa daftarini, na baada ya hapo hakuna aliyemsemesha.

Daftari ni langu.

Mjane akageuka kunitazama. Akaniuliza, taratibu, kama hesabu hiyo ndiyo sababu mumewe amelala kwenye jokofu siku nne. Watu wote walisikia. Nilitamani ardhi ipasuke. Makaburini nilisimama nyuma kabisa, na hakuna aliyenipa koleo.

Jumatano, 12 Juni
Barua nyingine. Mlango unafungwa tarehe 30. Mchungaji ameisoma mara mbili, akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la mbele.

Mimi nimetafakari sana kosa letu lilikuwa wapi. Ni matangazo. Yasingesomwa, tungepona. Nimemwandikia askofu aje atuhesabu tena tarehe 23, safari hii bila matangazo.

Mwalimu wa kwaya amelazwa tangu jana, kifua kimembana. Ana wanafunzi wa zamani chungu nzima. Upande wa mama yake peke yake ni mabasi mawili. Nimempelekea machungwa, nimemkuta amelala. Muuguzi akaniambia anaendelea vizuri, huenda akaruhusiwa Ijumaa.

Nikamwuliza kama ana uhakika.