Zamu ya Jumamosi, Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 2 Oktoba

Hilkka anauza! Nimesoma mwenyewe kwenye ubao wa matangazo pale chini, tena bila miwani. Nyumba namba 12, chumba kimoja na jiko, mtaa mtulivu, ushirika wa nyumba usio na makuu. Anahamia Oulu kwa binti yake. Miaka arobaini na moja tumetenganishwa na ukuta mmoja, hajaniambia. Nami sijamwuliza. Ujirani mwema ndio huo.

Lakini habari si Hilkka. Habari ni zamu yake ya sauna, chumba chetu wote cha mvuke wa mawe ya moto. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni! Mawe yamekolea moto, jengo zima linajua nani yumo ndani. Mimi, Reino Kuusela, fundi niliyechomelea nusu ya madaraja ya Tampere, naingia Jumanne saa tisa alasiri, mawe yangali baridi kama pua ya mbwa. Marehemu mke wangu Lempi alituandikisha foleni ya Jumamosi miaka kumi na tisa iliyopita. Maskini, kafa mtu wa Jumanne.

Kanuni za ushirika ninazo kichwani. Nyumba ikiuzwa kabla ya mwezi kwisha, zamu inakwenda kwa mnunuzi. Ikiwa tupu tarehe mosi, zamu ni ya wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza ni nani? Mimi! Basi mpaka tarehe mosi Novemba, hapa hapauzwi kitu.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku ya wanunuzi kuja kutazama. Dalali, binti mmoja anaitwa Minttu, kaoka maandazi ya iliki ili nyumba inukie. Ujanja wa kitoto! Nikaacha mlango wangu wazi, nikakaanga dagaa wa ziwani kilo mbili. Siagi nikaiunguza makusudi. Moshi mpaka ghorofa ya nne.

Matokeo: mke na mume wakasimama ngazini wamefumba macho. Mke akasema panamnukia kama kwa bibi yake. Akatoa chozi. Wakarudi ndani kupima madirisha upya!

Veijo Lampinen akapanda kuuliza kinaungua nini. Huyu ndiye mwenyekiti wa ushirika, mtu wa Ijumaa saa tisa, na kwa hiyo Ijumaa yake anajiona askofu. Nikamwambia ni chakula cha wanaume. Kala sita, kateremka bila asante.

Ijumaa, 13 Oktoba

Wale wa bibi wamepata nyumba kubwa kwingine. Bahati humfuata mwenye akili.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimegundua silaha. Maongezi!

Nilisimama ngazini tangu saa sita, nikamwamkia kila aliyepanda. Si kwa kutikisa kichwa. Kwa mdomo! Nikawauliza watokako, walikolala, mama zao hawajambo? Nikawaambia mimi ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta, na kila asubuhi nitakuja kugonga tupige soga. Ungewaona! Mmoja kaweka simu sikioni, juu chini, anaitikia asiyekuwepo. Mwingine kasema amekosea jengo. Mama mmoja alirudi kinyumenyume mpaka nje. Watu kumi na wanne, wote nimewafyeka kabla kahawa haijapoa.

Minttu akanibembeleza, mzee wangu, tafadhali, kaa ndani. Nikamjibu ngazi ni mali ya ushirika, na mimi ni mwanahisa.

Jioni Hilkka kagonga mlango. Hilkka! Hajapata kugonga. Akasema, "Reino, miaka arobaini na moja hujaniamkia ngazini hata siku moja. Leo umewaamkia watu kumi na wanne." Kisha akasema binti yake anajifungua Novemba, na yeye Hilkka bila kuuza hapa hana pa kukaa kule. Nikampa viazi.

Nilijisikia vibaya. Nusu saa hivi.

Jumapili, 22 Oktoba

Msiba! Kaja mwanamke wa mkoa wa Savo.

Sikujua. Nilimpiga kwa silaha yangu kama wengine: habari za nyumbani? Akajibu! Akanishika sweta mkononi na kunijibu saa nzima na robo. Sasa najua goti lake la kushoto, paka zake watatu, na marehemu mumewe aliyeanguka ziwani mara mbili siku moja. Watu wa Savo ndivyo walivyo: ukimwuliza saa, anaanza na aliyevumbua saa. Nikajaribu kurudi ndani. Akaweka kiatu mlangoni.

Jina lake Aune Hyvärinen, mjane, miaka sabini na minne. Akamgeukia Minttu na kusema anaichukua leo leo. Alichohofia mjini ni kukosa wa kusema naye, kumbe jirani mwenyewe ni redio!

Minttu akanikonyeza. Hilkka akanipa maandazi yaliyobaki, akaniambia asante, Reino, kumbe una moyo. Nilikula yote kwa hasira.

Jumatatu, 30 Oktoba

Aune kahamia, siku mbili tu kabla ya tarehe mosi! Jumamosi yangu imekwenda na paka watatu.

Na bado. Alasiri karatasi imeanguka ndani kupitia tundu la barua. Mwandiko kama kuku kaparua theluji. Miwani sikuvaa, ya nini? Nimesoma maneno matatu: *sauna*, *Jumanne*, *yako*. Yametosha! Kachukua Jumamosi, sasa anataka na Jumanne yangu!

Nikakata katoni, nikaandika kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani: NAKATAA! REINO KUUSELA. Nikaibandika kwenye ubao kwa pini nne. Aune alipita, akasoma, akanyamaza. Mara yake ya kwanza tangu azaliwe, nadhani.

Alhamisi, 2 Novemba

Hilkka kapiga simu kutoka Oulu. Mjukuu wa kike, kilo nne, anapiga kelele kama msumeno. Kisha akauliza, Reino, una wazimu? Mbona umeikataa Jumamosi?

Jumamosi ipi?

Kumbe Aune kamweleza yote: ana presha, mawe ya moto hayawezi. Aliandika kuniomba tubadilishane: mimi nichukue Jumamosi yake, yeye achukue Jumanne yangu ya baridi. Nikatafuta kioo cha Lempi cha kukuzia maandishi. Ndivyo ilivyoandikwa. Na mwishoni kaongeza: karibu kahawa.

Nikamwambia Hilkka nilikataa kwa msimamo. Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Niliteremka mbio kuing'oa katoni. Nimechelewa! Aune amekwisha kubadilishana na Veijo. Jumamosi, saa kumi na mbili: LAMPINEN. Kaandika kwa wino.

Jumatatu, 6 Novemba

Veijo kateleza kwenye barafu mbele ya mlango. Mguu umevunjika, uko kwenye plasta, daktari kamkataza sauna mpaka mwaka mpya. Nimemwonea huruma. Dakika moja, labda na nusu.

Lakini jicho langu halilali. Saa nane nimewaona uani, yeye na Aune, wamesimama kwenye baridi muda mrefu. Aune anasema, Veijo anaitikia. Mara wakatazama juu, dirishani kwangu. Veijo akanyoosha gongo kunionyesha! Aune akapiga makofi.

Njama.

Haikupita saa, karatasi imeanguka tena mlangoni. Mwandiko uleule wa kuku.

Reino Kuusela harudii kosa. Kosa la kwanza lilikuwa kuisoma nusu. Hii sikuifungua kabisa! Nimechukua katoni ya televisheni: NAKATAA! MARA YA PILI! Pini nane.

Kesho Jumanne. Saa tisa, mawe baridi. Lakini yangu.