Sungura Ndani ya Kichupa

Idara ya Karantini ya Wanyama ina furaha kuutangazia umma kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia yake, imempokea sungura asiye na masikio. Ana urefu wa kidole gumba, amevaa kifuniko cha bluu na amelala kwenye barafu.

Mtafiti alilisoma tangazo hilo mlangoni pa Idara, akaingia moja kwa moja kwa Mkaguzi Mkuu. Kichupa kile alikuwa amekingoja miezi minane. Ndani yake mlikuwa na kingamwili ya maabara, inayonasa protini moja tu: ile ya vijilango vinavyopitisha potasiamu kwenye misuli ya moyo. Barafu ingedumu hadi jioni. Ikiyeyuka, utafiti wake wa miaka mitatu ungekwenda na maji.

"Shikamoo, mzee. Huyo si sungura. Ni kitu kilichotengenezwa kwa damu ya sungura."

"Marahaba, binti yangu," alisema Mkaguzi Mkuu. "Lebo inasema asili yake sungura. Wewe asili yako nini?"

"Binadamu."

"Na wewe ni nini?"

"Binadamu vilevile."

"Umeona? Siku ishirini na moja za karantini."

Mzee alimpeleka bandani kwa fahari. Boksi la barafu lilikuwa limetandikiwa nyasi, karoti mbili pembeni. Fomu ilikuwa imejazwa kwa uangalifu mkubwa. Miguu: haijathibitishwa. Tabia: mpole. Chini ilibandikwa picha ya Mkaguzi Mkuu akiwa amekipakata kichupa kwa mikono mitupu, anatabasamu.

Mtafiti aliomba kanuni asome. Mzee alimpa mbio mbio, maana alizitunga mwenyewe. Mtafiti alipofika ya kumi na nne, roho ikamtulia.

"Mzee, poleni na msiba."

"Msiba gani tena?"

"Sungura wako hapumui."

Mkaguzi Mkuu aliinama, akatega sikio kwenye kifuniko. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Labda hajawahi kupumua," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi si sungura. Nikichukue?"

Mzee alijifuta jasho. Idara ilikuwa haijawahi kukosea, na isingeanzia kwake. Akachukua muhuri, akagonga: AMEFARIKI.

"Kanuni ya kumi na nne," alisoma mtafiti, "mzoga upelekwe mara moja kwenye friza ya maabara iliyo karibu. Ya karibu ni yangu." Alilikumbatia boksi, akatoka mbio bila hata kuaga.

Karani wa Idara, aliyekuwa ameijaza ile fomu, akafungua ukurasa uliofuata wa kanuni.

"Bosi, kanuni ya kumi na tano. Aliyemshika marehemu bila glavu." Akaitazama picha, akamtazama bosi, kisha akamfungulia mlango wa banda kwa heshima zote.

Kesho yake lilibandikwa tangazo jipya. Idara inauhakikishia umma kwamba Mkaguzi Mkuu anaendelea vizuri na karoti anakula. Miguu: miwili, imethibitishwa. Tabia: bado inachunguzwa.