Dawa ya Nzi ya Daktari Evarist

Mvua za mwaka ule zilipokolea, nzi wa mtaa wa Nsemulwa waliongezeka hata mtu akiagiza chai ilibidi akae amekifunika kikombe kwa kiganja. Evarist alikaa hivyo kwenye kibanda cha chai asubuhi nzima, akiwasikiliza akina mama wakilaumiana juu ya mabanda yao ya kuku. Wengine waliona uchafu. Yeye aliona ajira.

Hakuwahi kusomea mifugo, lakini koti jeupe alikuwa nalo, na huku kwetu koti jeupe ni nusu ya shahada. Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba na chupa za dawa ya bluu. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya bomba, rangi kidogo, na mchaichai wa kuipa heshima. Ujanja haukuwa ndani ya chupa, ulikuwa kwenye masharti. Kabla ya kupuliza, mteja atoe kinyesi chote bandani, aache sakafu ikauke, amwage maranda makavu, azibe vyombo vya maji vinavyovuja. Akishafanya hayo nzi wanaondoka wenyewe, na sifa inakwenda kwa chupa. Ndiyo maana Evarist alikuwa tapeli pekee mjini ambaye wateja wake walimkimbilia kumshukuru.

Aneth, mmoja wa wafugaji hao, alinunua chupa moja, nzi wakaisha, akaenda kumsimulia jirani yake, Mama Dorotea. Huyu alikuwa na kuku mia mbili wa mayai na mkono wa birika. Tena alikuwa pabaya: majirani walishamshtaki kwa mtendaji, naye alipewa mpaka Jumapili, nzi waondoke au kuku waondoke. Akaomba aione hiyo chupa. Aliigeuza, akaitikisa, akaona kizibo hakijafunguliwa. Aneth akacheka, akakiri kwamba kazi ya usafi ilimchosha hata akasahau kupuliza.

Mama Dorotea hakucheka. Alimwomba asimwambie mtu, kisha akatuma Evarist aitwe.

Alimpokea kwa kiti na chai. Akamweleza kwamba wenzake wa kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, wanataka chupa arobaini, ila ni wabishi, hawaamini mpaka waone. Na yeye mgongo unamsumbua.

“Kwa hiyo daktari, hapa kwangu uandae wewe mwenyewe,” alisema. “Jumamosi nitawaita wote, upulize mbele yao.”

Chupa arobaini. Evarist alivua koti, akaomba beleshi.

Siku mbili alichimba kinyesi kilichoanza kurundikana tangu mwaka juzi. Alijaza magunia thelathini, akakausha sakafu, akamwaga maranda, akaziba kila chombo cha maji kilichovuja. Mama Dorotea alimpa pole kila alipopita, na hakuacha kumwita daktari.

Jumamosi wanawake wakajaa uani. Evarist akavaa koti, akainua bomba la kupulizia na kuanza hotuba. Mama Dorotea akamgusa bega kwa upole.

“Subiri kwanza. Tuonyeshe nzi unaotaka kuwaua.”

Walitazama bandani. Palikuwa na kuku tu. Aneth akaitoa chupa yake, kizibo kikiwa bado kimefungwa, ikapita mkono kwa mkono, na wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Evarist alikuwa anakusanya chupa zake aondoke, mara Ngusa, mkulima wa Misunkumilo, akaingia na toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Alifuata mbolea, ambayo Mama Dorotea alimuuzia tangu Jumatano, kabla haijachimbwa. Alipoona viganja vya Evarist vimejaa malengelenge, akadhani ndiye kibarua wa pale, akamwomba ampakizie. Evarist akamgeukia Mama Dorotea.

“Msaidie, mwanangu,” alisema mama. “Nyie wawili mtamaliza upesi.”

Akapakia. Gunia la mwisho lilipopanda, Lucia wa kikoba akauliza kama Jumatatu anaweza kufika kwake na beleshi, kwa malipo. Wengine wanne wakasema nao wanamtaka. Evarist alijinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu, akawaambia yeye ni mtaalamu, si mchota kinyesi.

“Atakuja,” Mama Dorotea alimjibia. “Hela mpeni yeye. Mbolea nitakuja kuichukua mwenyewe.”