Kliniki ya Tumbo Inayopokea Bima Yazinduliwa Bweri

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amewakilishwa na dereva wake. Waheshimiwa madiwani mliopo, mlio njiani na mliotuma salamu. Viongozi wa dini kutoka Nyegina. Wajumbe wa Kamati ya Uratibu wa Matumbo. Wazee, vijana, akina mama wa vigelegele. Itifaki imezingatiwa, na palipobaki pengo naomba lichukuliwe kuwa nalo limezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba kwa muda mrefu mtu akiugua tumbo, kadi ya bima ya serikali mkononi, alizunguka Musoma nzima akitafuta daktari bingwa, na kila dirisha alilofika aliambiwa ama mashine ipo lakini bima haipokelewi, ama bima inapokelewa lakini mashine haipo, hali ambayo mimi binafsi, kama Mratibu, baada ya semina kadhaa na upembuzi yakinifu uliofanyika kwa kina katika hoteli yenye upepo mzuri wa ziwa, niliitambua kuwa ni changamoto. (Makofi ya waliokuwa semina.)

Kwa mantiki hiyo, na kwa kuzingatia roadmap, yaani ramani yetu ya utekelezaji, nikabuni, nasisitiza nikabuni mimi, Kliniki Tembezi ya Tumbo, ambayo leo naizindua mlangoni hapa, kando ya mtambo ule uliofunikwa kitambaa cheupe, chini ya kibao kile kilichoandikwa TUNAPOKEA BIMA, na ambayo utekelezaji wake umefikia asilimia mia moja na nne, ile nne ikiwa ni ari yangu. (Vicheko. Mratibu anasubiri makofi.)

Mfano hai tunao. Yule kwenye kiti cha plastiki, aliyeegemea mkewe, ni ndugu Chrispin, mvuvi wa Kiriba. Anatapika damu, na daktari amesema lazima apitishwe kamera kooni ijulikane anavuja wapi. Ametii tangazo letu kwamba anayekuja kupimwa asile kitu tangu jana jioni. Mpigieni makofi. (Makofi. Chrispin anainua kidole kimoja.)

Naona mkewe, mama Marieta, amesimama. Mpeni kipaza sauti, mimi ni mtu wa uwazi.

(“Shikamoo mheshimiwa. Mimi nauliza tu. Wiki iliyopita tulikuwaga Bunda, mkazindua. Huyu hakula. Kibao kilikuwa hiki hiki, hata ile N iliyoinama ni ile ile. Sasa daktari yuko chumba gani?” Sauti kutoka nyuma: “Mama, si ndiyo huyo anaongea.” Vicheko.)

Swali zuri, mama, linaonyesha elimu kwa umma imefika. Neno ni tembezi. Kliniki za zamani zilikosea kumsubiri mgonjwa mahali pamoja, zikaleta msongamano. Yetu inatembea, mgonjwa naye anatembea, na wote wawili wakitembea kwa bidii, kitakwimu hakuna namna wasikutane. Na kuhusu bima, kibao hakikusema tunatibu. Kimesema tunapokea. Lete kadi. (Marieta anapeleka kadi. Mratibu anaipokea kwa mikono miwili, anapigwa picha, anairudisha.) Mmeona wenyewe. Imepokelewa.

Tumbo salama. (Wachache: “Mara imara.”) Bima mkononi. (Vijana wa bodaboda: “Mguu njiani.”)

Kwa kuhitimisha, namshukuru mama Debora kwa kuturuhusu kufunga utepe kwenye mlango wa nyumba yake, na sasa tunampisha arudishe kuku wake ndani. Namshukuru ndugu Hezron kwa kutuazima mtambo wake. Kitambaa kile msikifunue, chini yake ni spika yake, nayo inawahi harusi. Nawashukuru vijana wanaong'oa misumari ya kibao taratibu, maana kesho asubuhi kinazinduliwa Butiama. Wageni waalikwa tupite nyuma, sato wameshaiva.

Na wewe ndugu Chrispin, asante kwa uzalendo wa tumbo tupu. Wakikupitishia sahani, ikatae. Kesho tuonane Butiama, na tangazo ni lile lile: usile.