Flashi Iliyokataa Kufomatika

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumamosi. Kaniomba nimwekee nyimbo za ujana wake kwenye flashi, zipigwe kwenye spika yake mpya. Mimi! Si shemeji, kaka wa mke wangu, fundi kompyuta, aliyemtengenezea televisheni mwaka jana na kusifiwa mpaka leo. Mimi, ambaye kwa mama mkwe bado ni yule aliyevunja kiti siku ya kwanza kufika kwao. Nafasi ndiyo hii.

Ninayo flashi ya bure ya semina. Imejaa mihadhara ya mbolea. Nikajaribu kufuta; ikagoma. Nikajaribu kuifomati, ifutike yote ianze upya. Kompyuta ikajibu kwamba flashi hii imezuiwa kuandikwa. Nani kaizuia? Haisemi. Mke wangu akashauri nimpigie kaka yake. Nikamwambia heri nife.

Jumanne, 4 Juni
Kazini. Nimejifunza kwenye video jinsi ya kuandika amri kwenye kile kidirisha cheusi. Karani mwenzangu akauliza nafanya nini. Mambo ya kitaalamu, nikamjibu. Nikachagua, nikabonyeza, ikafutika yote! Nikajipigia makofi. Kumbe kwenye kompyuta ya ofisi zilikuwa zimechomekwa flashi mbili, na niliyoifuta ni yake, yenye mihtasari ya vikao vya mwaka mzima. Bahati alikuwa na nakala. Sasa ofisi nzima inaniita Injinia, na si kwa heshima.

Jumatano, 5 Juni
Mlinzi wa getini anasema flashi sugu dawa yake ni baridi. Alisema kwa uhakika sana. Nikaifunga kwenye mfuko, nikaificha kwenye friza katikati ya samaki. Mke wangu kaikuta. Akaniuliza kwa upole kama nimelala vizuri. Flashi imegoma vilevile, ila sasa inanuka.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kaja kula. Nikamzunguka kwa ujanja: nikamsimulia habari za rafiki yangu mmoja mwenye flashi kaidi. Akanyoosha mkono aipokee, bila kuacha kutafuna. Akainusa. Akaigeuza, akasukuma kwa ukucha kitufe kidogo cha ubavuni.

"Shemeji, mwambie rafiki yako aliifunga mwenyewe."

Sekunde nne, imefomatika. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nimewaapisha wote wawili: mama asijue.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Spika ilinguruma, mama mkwe akacheza mpaka kilemba kikadondoka. Kisha akazima muziki, akanishika mkono mbele ya wageni wote.

"Huyu ndiye mtaalamu wangu. Nilikudharau, mwanangu. Unisamehe."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anakagua dari. Ulikuwa wakati mzuri sana wa kusema kweli. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama wafanyavyo wataalamu.

Jumapili, 9 Juni
Mezani kwangu: kompyuta ya mama mkubwa isiyowaka, simu ya muuza duka, redio ya jirani wa mama mkwe. Walinikabidhi kabla sherehe haijaisha, nami nilipokea zote kwa tabasamu. Kompyuta nimeshaifungua kwa kisu cha siagi na kuifunga tena. Zimebaki skrubu sita. Bila shaka kiwandani huweka za akiba.

Shemeji kapiga mara mbili kuuliza kama nahitaji msaada. Sijapokea. Mtu akiwa kazini hasumbuliwi.