Kalunguyeye Mwenye Roho ya Morivna

Jumapili, 19 Oktoba

Msiba. Hynek anataka kumuua Morivna.

Hakusema hivyo. Alisema "kumpumzisha kwa heshima". Hynek ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu Luboš, na ndiye msimulizi wa mchezo wetu wa Jumapili. Yeye anasema kuna joka, sisi tunasema tutalifanya nini, dadu zinaamua. Shida ni kwamba wahusika wetu wamepanda mpaka daraja la ishirini, na juu ya hapo hakuna kitu. Leo kaleta joka la vichwa saba, kalihangaikia wiki nzima. Mchawi wangu Morivna akaligeuza chura kabla kahawa ya Shangazi Květa haijapoa. Hynek akafunga kitabu, akasema amechoka kuhudumia miungu. Siku ya Marehemu, tarehe 2 Novemba, tutawasha mishumaa ya wahusika waliokufa, kama kila mwaka. Safari hii hawa wakubwa wote wafe, tuanze upya na daraja la kwanza.

Shangazi Květa kakubali, eti kuhani wake anaumwa mgongo. Radim wa ghorofa ya chini kakubali, ili mradi shujaa wake afe akiimba. Nikasema nitafikiria.

Nifikirie nini! Morivna niko naye tangu shuleni. Hajawahi kufua nepi. Analala kwenye mnara wake mpaka jua lichomoze, na akiamka hakuna anayemlilia. Saa zile za Jumapili nikiwa yeye ndipo ninapopumua.

Hafi mtu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepata! Mchawi wa daraja la ishirini anaweza kutoa roho yake na kuificha kwenye chombo. Chombo kikiwa salama, kumuua ni sawa na kupiga moshi ngumi. Ila meza yetu ina sheria yake, Hynek aliitunga zamani kukomesha wajanja: chombo kiwe kitu halisi, cha kushikika. Mwenzako akikitafuta, ruksa. Kikishawekwa mezani tu, umekufa.

Nikachagua kalunguyeye wa mbao wa mwanangu Anežka, yule wa magurudumu. Nikampigia Hynek simu nitangaze kihalali kwamba roho imefichwa, bila kusema wapi. Kacheka. Eti shemeji, nitaipata hata ukiila.

Anežka alikuwa amelala baada ya chakula. Nikatamka maneno kwa sauti huku namenya viazi. Kalunguyeye akabingirika kidogo. Sakafu yetu imeinama.

Baadaye nikaangalia. Alibingirika kuelekea upande ulioinuka.

Jumatano, 22 Oktoba

Meno yanamtoka Anežka, na hajalia tangu juzi. Anakaa kitandani mwake na kalunguyeye, anatazama ile kona ya kando ya dirisha, anapiga makofi. Akinyoosha mikono, ananyoosha kule, siyo kwangu.

Nilijilaza kidogo tu. Kuamka, ukungu umeshajaa mtaani. Mtoto kimya, kavu, amechanwa nywele. Nepi zilizokuwa kwenye kamba zimekunjwa. Nilizikunja mimi nikasahau, uchovu huu. Lakini mimi hukunja mara mbili, basi. Hizi zimeviringishwa na kufungwa uzi, kama hati za kale.

Jumamosi, 25 Oktoba

Radim kapanda kuazima unga. Radim anafanya kazi kwenye duka la mikate!

Nikampa ndala za wageni, akaingia. Macho hayatulii. Kakagua chini ya mto, ndani ya birika, nyuma ya lile jibini letu la Olomouc linalonuka vibaya, ambapo hata mwizi wa kweli hagusi. Akanitania: mama Anežka, wewe usingizi umekuibia akili, utaficha kitu gani mimi nisikione? Kisha akamwona kalunguyeye. Mkono ukaenda. Nikamwambia haraka mtoto anaumwa mafua, amemlamba huyo mgongo mzima.

Mkono ukarudi. Halafu akauliza ni nani anayeimba chumbani.

Nikasema redio. Akasema sawa, lakini mbona imenyamaza tulipoanza kuizungumzia? Akaondoka na ndala zetu. Viatu vyake viko mlangoni mpaka sasa.

Ningepaswa kuogopa. Lakini mchana nilikunywa supu ikiwa moto. Supu moto! Tangu nijifungue sikuwahi.

Ila nyumba lazima iwe na utaratibu. Nikasimama mlangoni nikasema: Morivna, mtoto ana saa zake za kulala. Usimfundishe uchawi. Na hilo dirisha lifunge, nje kuna baridi. Dirisha likafungwa taratibu, kwa adabu. Nikasema asante.

Jumanne, 28 Oktoba

Sikukuu, Luboš yuko nyumbani, lori limepumzika. Asubuhi kasema kona ile ina baridi, tuwaite wenye jengo. Kisha akamchukua kalunguyeye akaze gurudumu. Akamweka chini upesi. Kasema ana joto, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Nikamweleza yote. Akanitazama sana. Zdena, akasema, mtupe huyo. Nikamwambia haya mtupe, baba, halafu ubaki wewe unabembeleza, mimi niendeshe lori.

Akaenda kuvuta sigara kibarazani.

Jumapili, 2 Novemba

Andika yote, Zdena.

Asubuhi makaburini, maua na mishumaa. Mchana kwa Shangazi Květa. Kalunguyeye sikumwacha nyumbani, kwa sababu Hynek ana ufunguo wetu. Nilimzika chini kabisa ya mfuko wa nepi. Hakuna mwanamume atakayefungua mfuko ule.

Kuhani wa Shangazi alikufa vizuri, usingizini. Shujaa wa Radim aliimba beti zote. Mishumaa ikawashwa dirishani ndani ya glasi nyekundu. Ikaja zamu yangu. Hynek kateremsha nyota, mafuriko, jeshi la wafu. Morivna akasimama katikati bila jeraha. Nikamwuliza shemeji kama amechoka. Nilikuwa nimeshinda!

Ghafla Radim akaacha kutafuna.

Anežka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Amesimama bila kushika kitu! Mwanangu ambaye hajawahi kupiga hatua. Kalunguyeye kifuani. Alifungua mfuko mwenyewe, nani angedhani.

Akapiga hatua. Nyingine.

Ningeweza kumnyang'anya. Mkono wangu ulifika. Lakini angeanguka, na miguu ile ingekumbuka kwamba mama ndiye aliyeiangusha. Nikarudisha mkono. Nikasema njoo, mama, njoo taratibu.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama kiti cha tano, kile tunachowekea makoti, na alicheka kama mtu anayeitwa. Akafika, akamweka kalunguyeye mezani mbele ya kiti kile, akamsukuma kidogo. Kama anayemrudishia mtu chake.

Hynek akasema kwa sauti ndogo kwamba Morivna amekufa. Nikalia, na nilikuwa nambusu mtoto, kwa hiyo sijui nililia kipi.

Hynek akawasha mshumaa wa Morivna. Ukazimika. Akawasha tena. Ukazimika. Ile ya wenzake inawaka, hakuna upepo. Shangazi Květa akaweka chini kitambaa alichokuwa anafuma, akamwambia: wewe Hynek, mtu ameketi hapo unamwashia mshumaa wa nini?

Tukatazama. Makoti yote yalikuwa sakafuni, yamekunjwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Hynek kapiga simu, sauti ya chini. Eti tupumzike, tucheze karata mpaka baada ya Krismasi. Nikakubali kama mtu mzima. Nimeona yaliyotokea. Kuanzia leo roho za watu hazifichwi tena nyumbani kwangu.

Anežka anatembea nyumba nzima, mkono mmoja umeinuliwa juu, umeshikwa.

Kwa kujifurahisha tu nimetengeneza mhusika mpya. Msichana mchunga mbuzi, daraja la kwanza, ana fimbo na njaa. Akiumwa na nyuki anakufa, maskini. Na kitabu kinasema mtu wa daraja la kwanza hawezi kuitoa roho yake.

Lakini hakisemi kwamba mwingine hawezi kumtolea. Nikamwomba Morivna. Tumeiweka kwenye ndala za Luboš, kabatini. Hakuna atakayegusa zile ndala. Halafu nguo za kupiga pasi zimejaa, na Morivna pasi hajui.

Kabati linanuka mbuzi. Anežka yuko mbele yake, sasa ameinua mikono yote miwili.

Nimewaambia wapangiane zamu. Mimi najilaza kidogo.